Mwaka wa Kumshtaki Mtani

Hadija alinipigia simu juzi asubuhi nikiwa nasonga ugali wa wateja wa mchana, akasema, "Mngoni wako amefariki." Hakutaja jina wala hakuhitaji. Nilipunguza moto, nikakaa kwenye gunia la mchele na mwiko mkononi, huku vijana wawili waliotoka machimboni Namungo wakibishana kuhusu penalti ya jana, na mmoja akiniuliza kama chai imekwisha. Sikujua nilie au nianze kujiandaa kwenda kuchekesha watu. Hilo ndilo lililonirudisha kwenye mwaka ule wa Nachingwea, maana hata wakati ule, kila nilipotakiwa kulia nilijikuta nacheka, na kila nilipocheka mtu mwingine aliandika kwamba nimetukana. Nimeishi Ruangwa muda mrefu sasa, nina mgahawa wangu nyuma ya stendi, nina wateja wanaoniita mama hata wale wenye mvi, na bado kuna jambo moja la mwaka ule sijalielewa. Marehemu ndiye aliyekuwa na jibu lake.

Jina lake lilikuwa Osmund, na alikuwa msimamizi mkuu wa wafanyakazi katika kiwanda cha kubangua korosho nilikofanya kazi nikiwa msichana. Mimi ni Mmwera, yeye alikuwa Mngoni wa Songea aliyehamia Nachingwea pamoja na mama yake. Babu zake walikuja kuwapiga babu zangu, vita vikaisha, ukabaki utani. Maana yake ni kwamba ana ruhusa ya kunisema vibaya mbele za watu, nami nina ruhusa ya kumrudishia, na atakayekasirika ndiye mwenye makosa. Akifiwa, naingia jikoni kwake nakalia sufuria wapishi wasipike, navaa nguo za marehemu, naiga sauti yake na mwendo wake mpaka wafiwa wacheke, na sitoki hadi nipewe kitu. Wanaotoka mbali huona ni wazimu. Sisi tunaona msiba usio na watani ni mkavu na unatia huruma.

Chumba cha kubangulia kilikuwa kirefu, madirisha yapo juu, na mafuta ya maganda yalitia ukungu kila kitu, hata taa. Tulikaa wawili wawili kwenye meza zenye visu vya kukanyagia kwa mguu. Mwenzangu mezani alikuwa Hadija, Mmakonde mwenye sauti ya kwenda mpaka getini. Tulijipaka majivu viganjani mafuta yasituunguze, lakini yalituunguza hivyo hivyo, na kwenye harusi ulitutambua kwa vidole vyeusi chini ya hina. Saa ya chakula tulikula ugali wa muhogo na kisamvu bandani, na kwa kuwa banda lilipakana na ofisi tulisikia kila kilichosemwa ndani. Ndivyo tulivyosikia kwamba msimamizi wa zamu ya asubuhi anaondoka na kwamba nafasi yake itajazwa na mmoja wetu. Wote waligeuka kuniangalia. Nilikuwa nimekaa pale kuliko karibu kila mtu, mara nyingi nilishika zamu ile msimamizi wake akiugua, na sikuwahi kusikia lawama. Hadija alinimegea kipande cha samaki wake akasema, "Kula, bosi. Kesho nitaomba ruhusa kwako." Nilikula kile kipande huku nikijiona tayari nimevaa koti jeupe la msimamizi.

Wiki iliyofuata walikuja wageni kutoka makao makuu Dar es Salaam, wakiongozwa na mama mmoja mwenye miwani aliyeshika pua kwa leso. Bwana Osmund alikuwa anawatembeza. Walipofika mezani kwetu mgeni mmoja aliuliza nani anafikiriwa kwa ile nafasi ya zamu, na Bwana Osmund akanipiga bega, akacheka, akasema kwa sauti ya kusikika chumba kizima: "Huyu hapana. Huyu Mmwera. Wamwera ni wa kubangua, si wa kusimamia." Chumba kikaangua kicheko. Nami sikusita, kwa sababu mtani akikurushia ukanyamaza umemdharau. Nikamwambia, "Wewe Mngoni, mwizi wa mbuzi wa babu yangu, usingekuwa na pa kulala kama tusingekuhurumia. Ondoka mezani kwangu kabla sijakuhesabia mbuzi wetu." Kicheko kikapanda zaidi. Bwana Osmund mwenyewe alicheka mpaka akajishika kiuno. Yule mama wa miwani hakucheka. Alimgeukia akamuuliza polepole, "Huyu mfanyakazi anakutukana?"

Hapo ndipo palipoharibika, na hapo ndipo ninaporudi kila mara. Ilitosha aseme maneno mawili tu, "mtani wangu," wageni wangepita zao meza ya pili. Hakusema. Kicheko kilimtoka usoni, akamtazama yule mama, akanitazama mimi, akafuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na uchafu, kisha akasema, "Tuendelee huku, mama." Mchana niliitwa ofisini nikaambiwa nimetumia lugha chafu dhidi ya kiongozi mbele ya wageni, na kwamba ajira yangu imekoma. Aliyenisomea alikuwa karani. Bwana Osmund alikaa pembeni akichungulia dirishani kama anasubiri gari. Nafasi ya zamu alipewa dada mmoja aliyekuja baada yetu, naye si Mmwera. Nilitoka getini na majivu bado mikononi, nikacheka peke yangu barabarani, maana niliamini kabisa kwamba kesho ataniita aseme, "Mtani, nilikupata."

Hakuniita. Aliyekuja ni Kaka Issa, katibu wa chama cha wafanyakazi, mtu mwembamba aliyetembea na baiskeli na mfuko wa rambo wenye vitabu vya sheria. Alikaa kwenye mkeka nje ya chumba nilichopanga, nikamkaangia muhogo, akanieleza kwamba nimebaguliwa. Neno hilo nilikuwa nalisikia redioni kwa habari za nchi nyingine. Alisema: wewe na yeye mmesema maneno ya aina moja, mahali pamoja, wakati mmoja, wewe umefukuzwa, yeye amebaki, tena yeye ametaja kabila lako kuwa ndiyo sababu ya kukunyima cheo. "Ametaja mbele ya mashahidi wote wale," akasema akipuliza muhogo. "Watu wanatafuta ushahidi kama huo hawaupati." Nikamwambia, "Lakini Kaka Issa, ule ulikuwa utani." Akaacha kutafuna. "Wa kwako au wa kwake?" Nikasema wa wote. Akasema, "Basi hapo tuna kazi."

Ofisi ya usuluhishi wa migogoro ya kazi ilikuwa Lindi. Kwanza walitukalisha ili tupatane, tukashindwa, kisha shauri likaenda kwa mwamuzi, mtu wa Kanda ya Ziwa, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Nilikuwa nimevaa baibui jipya la kuazima lililonibana mabegani. Kaka Issa alieleza vizuri sana habari ya ubaguzi. Wakili wa kiwanda akasimama akasema mimi ndiye niliyemwita kiongozi wangu mwizi. Nikaeleza kwamba kwetu hilo si tusi, ni utani, na kwamba Mngoni asipoitwa mwizi wa mbuzi na Mmwera anajisikia mgeni. Mwamuzi akaandika, akafuta, akaandika tena. Kisha akauliza swali ambalo mpaka leo nikilala mchana hunijia: "Dada, maneno yako unasema ni utani. Maneno yake, yaliyotoka wakati huo huo, unasema ni ubaguzi. Nifafanulie. Nitajuaje lipi ni lipi?" Nilimtazama Kaka Issa, naye akatazama viatu vyake. Nikasema, "Mheshimiwa, nilitegemea wewe ndiye utaniambia mimi." Watu wawili watatu walicheka, lakini sikusema ili wacheke. Tulishindwa. Mwamuzi aliandika kwamba nilitumia lugha isiyofaa kazini na kwamba ubaguzi haukuthibitishwa.

Kaka Issa hakukata tamaa. Kwenye basi la kurudi Nachingwea alinieleza kwamba tutakwenda Mahakama Kuu, kule Mtwara, kuomba majaji waupitie uamuzi. Nikamuuliza kama hiyo ndiyo rufaa. Akasema hapana, ni marejeo, rufaa yenyewe iko mbele zaidi, huko juu kabisa kwenye Mahakama ya Rufani, tukishindwa na hapa. Nilimwomba anieleze tena, akanieleza tena akichora kwa kidole kwenye vumbi la kioo cha dirisha: hapa tulikotoka, hapa tunakokwenda, hapa Mungu atuepushe. Ilionekana ngazi ndefu sana kwa mtu aliyetaka kurudi kwenye kiti chake tu, ale kisamvu na Hadija. Lakini nilitaka kurudi. Sikuwa na aibu ya kukosa kazi, wengi walikuwa hawana. Aibu yangu ilikuwa kwamba mjini walianza kuniita "yule aliyemtukana bosi." Sijawahi kumtukana mtu ambaye si mtani wangu, na sikutaka kuzeeka na jina hilo. Nilishinda njaa siku nyingine kuliko kwenda shambani kwetu Mkotokuyana nikaulizwe habari hizo.

Karatasi zetu zikiwa bado Mtwara, mama yake Bwana Osmund akafariki. Tulimwita Bibi Kalista. Alikuwa akija getini kwetu na ndoo ya togwa, anatugawia vikombe, na akimwona mwanawe anapita anamwita kwa jina la utotoni, "Osi! Osi, umekula?", mbele ya wafanyakazi wake wote. Mimi nilikuwa naiga sauti ile mezani, Hadija anakaribia kukata kidole kwa kicheko. Habari za msiba ziliponifikia nilianza kutafuta kanga ya kuvaa kabla sijakumbuka kwamba nina kesi. Kaka Issa alikuja mbio na baiskeli. "Usiende," akasema. "Ukienda kwake ukapewa chochote, wakili wao atasimama aseme mmeshapatana, kesi imekufa." Hadija naye alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchicha wangu. Akasema bila kuinua macho, "Asipokwenda je? Mtani gani haendi msibani? Watasema hakuna utani hapo, kumbe alikuwa anatukana kweli." Kaka Issa akavua kofia akajikuna. Nilisubiri mmoja wao amshinde mwenzake. Hakuna aliyeshinda. Hadija alimaliza mchicha, akauweka kwenye sinia, akasema, "Sufuria zao bado hazijakaliwa na mtu. Mimi nakwambia tu."

Nilikwenda. Nyumba ilikuwa nyuma ya soko, turubai limefungwa kwenye nguzo za miti, akina mama wa Kanisa wanaimba taratibu, harufu ya wali na kuni mbichi. Wamwera wenzangu walikuwa wamekaa nje wamejiinamia, hakuna aliyethubutu, maana wote waliijua kesi. Nilipoingia uani wimbo ulififia. Nilikwenda moja kwa moja chumbani kwa marehemu, nikaomba nguo zake, na dada mmoja wa familia akanipa: kitenge cha kijani, kilemba, miwani yenye kamba. Nikatoka nje nimeinama, mkono kiunoni, nikatembea mwendo wa Bibi Kalista kwenye mstari wa viti vya wanaume. Mtu mmoja akaguna. Nikafika mbele ya Bwana Osmund, nikamwinua kidevu kwa kidole, nikasema kwa sauti ile ya getini: "Osi! Umekula? Mbona umekonda? Wamwera umewafukuza, sasa nani atanibeba leo? Utanibeba mwenyewe, na mgongo wako huo wa ofisini?"

Alicheka. Alianza kucheka kama mtu anayekohoa, kisha wote wakamfuata, akina mama, Wamwera kule nje, hata padri aligeuka pembeni. Halafu kicheko chake kikageuka, akalia kwa nguvu akiwa ameshika ule mkono wangu uliokuwa kwenye kidevu chake, nami nikalia ndani ya miwani ya mama yake. Akasema, "Vua, mtani wangu. Kichukue hicho kitenge, mwache mama apumzike." Alisema hivyo, "mtani wangu," kwa sauti ambayo kila mtu uani aliisikia. Maneno yale niliyoyangoja mbele ya wageni yalikuja siku ambayo hayakuwa na faida kwa yeyote. Nilikwenda nyumbani na kitenge kwapani sijui kama nimetoka kuzika kesi yangu au kuifufua.

Mahakama Kuu iliamua kwamba shauri letu lirudi likasikilizwe upya mbele ya mwamuzi mwingine, kwa sababu yule wa kwanza hakusikiliza ushahidi kuhusu mila. Kaka Issa alinikumbatia nje ya mahakama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nikamuuliza, "Tumeshinda?" Akasema, "Tumerudi mwanzo." Nikamuuliza kama kurudi mwanzo ndiyo kushinda. Akasema katika hatua hii, ndiyo. Alisema pia tuna bahati, kesi nyingine huchukua miaka hapo. Nilinunua chungwa nikalila lote nikiwa nimesimama, nikijaribu kufurahi.

Mwamuzi wa pili alikuwa mama wa makamo, na kwa kuwa mashahidi walikuwa wengi alikuja kusikiliza Nachingwea, kwenye ukumbi mdogo wa kuazima wenye feni moja inayogonga. Hadija alitoa ushahidi kwa sauti mpaka akaombwa apunguze. Wakili wa kiwanda aliniuliza habari ya kitenge, kama Kaka Issa alivyotabiri, nikasema ni cha msiba, si cha kesi, na mwamuzi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyewahi kuona mambo hayo. Mwishoni akaitwa Bwana Osmund, shahidi wa mwajiri. Alikuwa amevaa koti la kahawia lenye viraka viwikoni. Nilishika meza. Nilikuwa nimeshafahamu, kwa akili yangu ndogo, kwamba akisema maneno yake yale hayakuwa utani, basi ni ubaguzi na nimeshinda vyote. Na akisema yalikuwa utani, basi na yangu ni utani, nitarudi kazini, lakini ubaguzi umekufa. Kaka Issa akamuuliza moja kwa moja. Bwana Osmund akanitazama, na nakiri sikuweza kusoma chochote usoni pake. Akasema, "Huyu ni mtani wangu. Aliyonijibu ni utani. Na niliyomwambia ni utani." Wakili akaandika haraka haraka, ameridhika. Kaka Issa akaandika haraka haraka, naye ameridhika. Mimi peke yangu sikuwa na cha kuandika.

Uamuzi ulisema nirudishwe kazini kwa kuwa sikumtukana mtu, na kwamba hakukuwa na ubaguzi kwa kuwa hakuna aliyebagua mtu. Kaka Issa alisema tunaweza kwenda Mtwara tena kuhusu hicho kipande cha pili. Nikamwambia nimechoka. Nilipoingia chumba cha kubangulia wenzangu walipiga meza kwa visu, Hadija alikuwa amenitunzia upande wangu wa kiti, na jina la mtukanaji likaisha mjini kana kwamba halijawahi kuwepo. Yule dada aliendelea kusimamia zamu. Alipoondoka yeye akaja mwingine, naye si Mmwera. Siku moja Bwana Osmund alikuja bandani akakaa karibu yangu na sahani yake, nikapata ujasiri. Nikamwuliza taratibu, bila utani, "Bwana Osmund, niambie kweli. Wageni wasingekuwepo, ungenipa ile zamu?" Alitafuna, akameza, akanywa maji. Akasema, "Mmwera, kula ugali wako." Watu wa meza yetu walicheka. Nilicheka pia, kisha nikabaki natazama ugali wangu, na msimu ulipokwisha niliondoka kuja Ruangwa kuanza maisha mengine.

Miaka mingi baadaye alipostaafu naye akahamia huku, akajenga karibu na barabara ya kwenda Namungo. Alikuja kula kwangu mara nyingi. Alinitukana kila alipoingia, nami nikamtukana kila alipotoka, na wateja walimpenda kwa hilo. Sikumwuliza tena. Nilidhani nina muda.

Basi jana nilikwenda msibani. Uani palijaa, Hadija alikuwa ametoka Nachingwea na basi la asubuhi, ameshakalia sufuria kubwa kwa niaba yangu ingawa yeye si mtani wao. Binti wa marehemu alitoka ndani na lile koti la kahawia, viraka vile vile, akasema, "Shangazi, wanakusubiri wewe." Nikalivaa. Lilinukia sabuni na tumbaku. Nilitembea mwendo wake, kifua mbele, nafuta mikono kwenye suruali ambayo sikuwa nayo, na watu wakaanza kucheka kabla sijasema. Sikuwa nimepanga niseme nini. Nilimwona kijana mmoja wa Kimwera kwenye viti vya mbele, mhudumu wa mgahawa wangu, nikampiga bega, na maneno yakatoka yenyewe kwa sauti nzito ya Bwana Osmund: "Huyu hapana. Huyu Mmwera. Wamwera ni wa kubangua, si wa kusimamia." Uani pote pakaangua kicheko, na kijana akacheka kuliko wote. Mimi nilibaki nimeshika bega lake, natega sikio, maana kwa mara ya kwanza sentensi ile ilikuwa imetoka kinywani mwangu na nilifikiri nitajua. Niliisikiliza kwa makini kabisa. Nilijua nampenda yule kijana, na nilijua pia kwamba sijawahi kufikiria kumwachia mgahawa. Sikuweza kujua niliisema kwa lipi kati ya hayo mawili.